Vikombe vya Kutupa

Mtaa wa C, nyumba namba 147, ghorofa ya nne,
New York.
Tarehe 14 Novemba 1992.

Mpendwa mwanangu Efraín,

Mungu akubariki. Hukuniomba baraka, lakini nakupa mwanzoni kabisa, maana najua ukishamaliza kusoma hutaiomba kwa muda.

U hali gani huko Utuado? Mgongo unaendeleaje? Dada yako Ramonita aliniambia kwenye simu kwamba umeanza tena kubeba magunia ya kahawa kama una miaka ishirini. Nilsa hajambo? Wasichana wanakula vizuri? Mvua za Oktoba zimekuachia mibuni mingapi imesimama? Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto linalochukia ngazi. Sukari iko sawa, ndivyo anavyosema daktari. Sijui. Alisema hivyo kabla hajaiangalia karatasi.

Anayeniandikia ni Bi Provi wa ghorofa ya pili, yule mshona mapazia, unamkumbuka. Nimemwambia aandike ninavyosema na asinipambie, na kila ukurasa ukijaa ananisomea mara mbili. Nimekwisha kumkamata mara moja, jana tulipojaribu kuandika. Nilisema neno "mwoga", yeye akaandika "mwenye wasiwasi". Nimemfanya alikate. Utakapolikuta neno hilo huko mbele, ujue ndilo langu.

Isome kwanza peke yako. Keti mahali. Nataka kukueleza habari ya mwanao Berto.

Najua utasema Berto amekufa tangu Mei, habari gani tena. Mimi nami nilisema hivyo hivyo. Wiki tatu zilizopita nilikuwa kwenye duka la mashine za kufulia, nakunja shuka, Bi Fela akaja akasimama karibu mno. Unamjua Fela. Akikusogelea hivyo ana kitu mdomoni kinamwasha.

"Taquia," akaniambia, "mjukuu wako wamemweka kwenye maonyesho."

"Maonyesho gani? Mjukuu wangu yuko makaburini."

"Binti yangu kapita mtaa wa Rivington, pale palipokuwa na duka la vifungo. Sasa ni mahali pa wasanii. Kamwona yule rafiki yake Berto kasimama mlangoni, anakaribisha watu. Chumba kizima ni cha Berto."

"Kaweka nini humo?"

"Hakuna kitu. Maji tu."

"Maji?"

"Maji, shoga yangu. Na Wamarekani wanaingia kuyaangalia."

Nikamwambia ashike upande wa pili wa shuka tukunje na aache maneno. Lakini moyo wangu haukukunjika.

Ngoja nikukumbushe kuhusu huyo rafiki, maana wewe hukutaka hata kumpa mkono. Anaitwa Osvaldo Irizarry, kwao ni Mayagüez. Ndiye aliyekaa nyumba moja na Berto miaka sita. Mimi sikusoma lakini si mjinga; kule kwao niliona kitanda kimoja, na sikuuliza. Niliyemshuku ni yeye, kuanzia siku ya kwanza. Mwanamume mzima anayesema kazi yake ni sanaa, na hachori, hachongi, haimbi. Nilimuuliza Berto, "Sasa huyu anafanya nini asubuhi?" Akacheka, akasema, "Anafikiri, Bibi." Nikasema huyo anakula kwa jasho lako.

Halafu tulipomzika, jioni ya rozari ya tisa, ile ya mwisho ya matanga, baada ya watu kunywa kahawa na kuondoka, nilikwenda kule kwao kuchukua medali ya Bikira aliyovaa Berto kwa komunyo. Osvaldo akanipa medali. Lakini nikaona juu ya kabati boksi kubwa limefungwa kamba, na nilipolitazama, yeye akasogea akasimama mbele yake. Nikajiambia, humo mna saa ya marehemu babu yake, mna karatasi za benki, mna vitu vya ukoo. Tangu siku hiyo boksi lile halikunitoka kichwani. Kila nikipika nilikuwa nalifungua na kulifunga.

Kwa hiyo Fela aliponiambia, nikasema ndilo hilo. Kaweka vitu vya mtoto wetu kwenye chumba, anatoza kiingilio. Na kibaya zaidi, nikasema, kaandika ukutani alikufa kwa nini.

Maana wewe na mimi tulikubaliana, Efraín. Mapafu. Padri nilimwambia mapafu, Ramonita nilimwambia mapafu, wanawake wa rozari nilisema mapafu mpaka nikaona mapafu yale kwa macho. Fela aliuliza mara mbili, mapafu ya namna gani yanamaliza kijana hivyo, nikamwambia ya namna ya kuua.

Nikaenda Jumanne, saa sita mchana. Nilivaa koti jeusi na nikachukua mwavuli, na mvua haikuwepo.

Hakuna aliyeomba kiingilio. Hilo lenyewe lilinitia wasiwasi. Kulikuwa na msichana wa Kimarekani nyuma ya meza, nywele fupi kama za askari, akanitabasamia. Nikapita. Wewe unajua Kiingereza changu ni cha kununulia nyama.

Chumba kilikuwa kirefu, cheupe, hakina picha hata moja. Nilikuwa nimejitayarisha kuona picha za aibu, na mwavuli nilikuwa nao kwa kazi hiyo. Hakuna. Palikuwa na rafu moja tu ya mbao, nyembamba, imezunguka kuta zote kwa kimo cha kifua changu. Juu ya rafu, vikombe. Vile vyepesi vya plastiki vya kunywea mara moja na kutupa. Kila kimoja kina maji, na hayakulingana. Vingine nusu, vingine robo, vingine vimebaki na alama tu ya mahali maji yalipokuwa. Mbele ya kila kikombe, kwenye ukingo wa rafu, kiandiko kidogo cha penseli.

Sasa wewe umelelewa nyumbani kwangu. Unajua glasi ya maji ya marehemu baba yako iko juu ya kabati langu tangu 1948, na haijawahi kukauka, hata juma lile la kimbunga. Wewe mwenyewe ulipokuwa mdogo nilikuwa nakutuma kubadilisha maji kila Jumatatu, na ukimwaga nusu njiani nilikurudisha. Mtu anayekufa ana kiu, na safari ni ndefu. Nilipoona vikombe vile nikajua mara moja ni nini. Osvaldo kamwekea Berto maji, nikasema, angalau kwao walimfundisha hilo. Halafu nikasema, lakini angalia, mvivu huyu kayaacha yanakauka. Mtoto wangu ana kiu mbele ya Wamarekani.

Nikatafuta bomba. Nyuma ya pazia kuna choo kidogo na sinki, na birika la kuchemshia kahawa yao. Nikalijaza. Nikaanza kikombe cha kwanza karibu na mlango, nikaenda navyo kimoja kimoja, najaza hadi shingoni, na kila kimoja nikikisomea Baba Yetu kifupi. Nilifika kama ishirini na tano hivi msichana yule alipoinua kichwa.

"Mama, hapana, hapana, tafadhali usiguse," akawa anasema, na mikono hewani kama nimeshika bunduki.

"Acha mikono hiyo," nikamwambia kwa Kihispania. "Kama ungefanya kazi unayolipwa, mimi ningekuwa nyumbani."

Hakuelewa neno. Akakimbilia simu. Mimi nikaendelea. Sijamaliza ukuta wa pili, Osvaldo akaingia anahema. Anakaa mtaa wa jirani. Amekonda. Nilimwona amekonda nikapata hofu nyingine, lakini hiyo nitaiacha.

Akasimama. Akanitazama na birika langu. Msichana akamwambia maneno mengi, yeye akamwambia neno moja, "Mwache." Hilo nililielewa.

"Bendición, Bibi," akaniambia, akiniomba baraka. Mtu ambaye sikumwitikia baraka hata siku moja.

"Haya maji umeyaacha yakauke," nikasema.

"Ndivyo inavyotakiwa, Bibi. Niliyamimina mara moja tu, siku ya kufungua. Yanatakiwa yapungue yenyewe, kidogo kidogo, watu wakija na kuondoka. Kama alivyopungua yeye."

"Kwa hiyo wewe umekaa ukafikiri, ukaona marehemu ndiye anayetakiwa kukaa na kiu. Nani alikulea?"

Miezi sita alikuwa anafikiri kitu hicho, na nadhani hilo peke yake hakuliwaza. Akaketi sakafuni pale pale, mgongo ukutani, mtu mzima na suruali safi. Nikageuka nimalize kazi yangu.

Ndipo nikafika pembeni, kwenye vikombe vya maua.

Vilikuwa vinne, vina maua mekundu ya Noeli yamepigwa chapa kuzunguka. Nikasimama. Kusoma sijui, lakini macho ninayo. Vikombe vile nilivinunua mimi, kwa Mchina wa kona ya Mtaa wa C, Desemba ile mliyokuja wewe na Nilsa na wasichana. Vilikuwa vimebaki pakiti moja, na kikonyo cha ua moja kilikuwa kimechapwa kombo, kwenye kila kikombe. Nilimwambia Mchina anipunguzie kwa sababu ya ule ukombo, akakataa.

Nikanyanyua kimoja. Ukingo umetafunwa. Alama ndogondogo za meno, zimekwenda zikazunguka. Nikanyanyua kingine, cheupe. Umetafunwa. Efraín, tangu ana miaka mitatu mtoto yule alitafuna kila kitu alichonywea. Glasi zangu tu ndizo zilizopona, kwa sababu nilimpiga kofi akiwa na miaka minne.

"Umevipata wapi hivi?" nikamuuliza Osvaldo.

"Ndani ya lile boksi, Bibi. Lile ulilokuwa unaliangalia."

"Na vilifikaje ndani ya boksi?"

Akaniambia. Kila Jumapili Berto alikuwa akitoka kwangu kula, anarudi kwao na kikombe mfukoni mwa koti. Anakiosha, anaandika tarehe kwa penseli chini yake, anakipanga. Tarehe hizo ndizo Osvaldo alizonakili ukingoni mwa rafu. Osvaldo alimwambia tupa, mbu wataingia, utajaza nyumba takataka. Yeye akasema, hapana, hivi ni vya bibi yangu.

Mimi nilikuwa namwona akikitia mfukoni. Nilidhani ni adabu. Nilidhani anatoa uchafu wake mwenyewe asinisumbue, nikasema moyoni, angalau huyu nilimlea vizuri.

Nikamuuliza Osvaldo, "Alikuwa anasema kwa hasira, au vipi?"

"Jumapili nyingine kwa hasira, Bibi. Jumapili nyingine hapana."

Nilishukuru kwamba hakunidanganya. Kama angesema hakuwa na hasira kabisa, ningemshuku mpaka leo.

Sasa hapa ndipo nataka usome polepole.

Desemba ile, siku ya pili mlipofika, ulinivuta jikoni ukafunga mlango. Ukaniambia, "Mama, yule asinywe kwenye glasi wanazonywea wasichana." Hukusema Berto. Ulisema yule. Nami nikashuka kwa Mchina. Ulisema kwa ajili ya wiki mbili, mpaka Siku ya Wafalme Watatu, Januari. Ukaondoka na wasichana wako wazima, na mimi nikaendelea mwaka mmoja na miezi mitatu. Hukuniambia niendelee. Hilo sikuwekei wewe. Nilipanga sahani za kaure kwa watu wote, na pembeni kikombe cha plastiki na sahani ya karatasi, kila Jumapili, nikimtazama usoni na kumwambia kula mwanangu, umekonda.

Na nitakwambia jambo ambalo hata padri sikumwambia. Februari ile nilikwenda naye kliniki. Muuguzi mmoja mweusi, mama wa makamo, akamwita mtu wa kutafsiri akanikalisha chini. Akaniambia ugonjwa huu hauambukizi kwa kikombe, wala kijiko, wala kumbusu mjukuu wako. Akanywa kahawa kwenye kikombe cha Berto mbele yangu ili nione. Nikamshukuru vizuri sana. Na nilipotoka nje nikajiambia, huyu analipwa kusema hivyo. Nikapita kwa Mchina nikanunua pakiti nyingine.

Ndivyo nilivyo. Mchinjaji namshuku mizani, daktari namshuku karatasi, Osvaldo nilimshuku boksi. Muuguzi wa watu aliweka mdomo wake pale ili nielewe, nikamshuku hata yeye. Kwa mjukuu wangu mwenyewe nilishuku mate.

Nilihesabu vikombe. Kuhesabu najua. Sabini na moja.

Nikamwambia Osvaldo anisomee kilichoandikwa ukutani karibu na mlango, maana niliona karatasi ndogo. Akasoma: Vikombe sabini na moja, maji. Kwa H.

"H nani?" nikasema.

"Heriberto."

"Najua jina la mjukuu wangu. Nauliza kwa nini umelikata kama mkia wa mbwa. Unamwonea aibu?"

Halafu akaniambia jambo ambalo wewe hukuniambia, Efraín. Kwamba ulimpigia simu. Siku ya mazishi, mimi nikiwa kanisani nawaambia watu ndege zimejaa ndiyo maana hukufika, wewe ulikuwa kwenye simu na mtu ambaye hukuwahi kumpa mkono, unamwambia jina lenu la Maldonado lisitokee popote. Si gazetini, si kwenye kitu chochote atakachofanya. Na yeye akakupa neno lake. Akakaa na neno hilo miezi sita, na mimi nikimwita mwizi.

Nilimuuliza kama ulisema kitu kingine. Akasema uliuliza kama Berto alikuwa akikuulizia. Akakwambia ndiyo. Ukakata simu.

Wewe ni mwoga, mwanangu. Hilo ndilo neno Bi Provi alilotaka kulipamba, na sasa hivi amesimamisha kalamu tena. Nimemwambia aandike. Nakwambia kwa sababu mimi nami ni mwoga, na uoga nimeujua kwa karibu, nimeupikia mbaazi kila Jumapili.

Siku ile sikumjibu Osvaldo chochote kuhusu jina. Nilimwambia tu vikombe nilivyojaza asivimwage. Akasema sawa, vile alivyovijaza Bibi vibaki vimejaa, vingine viendelee kukauka, na yeye ataona ni kitu gani kitatokea. Nikamwambia kitakachotokea ni kwamba nitakuwa naja kila Jumanne kujaza vyangu. Wewe fikiri, mimi nitaleta birika. Akacheka, na macho yamejaa. Anacheka vizuri, kumbe. Miaka sita sikumpa nafasi ya kucheka.

Bado simwamini sana, usije ukadhani nimegeuka malaika. Nilimuuliza saa ya babu yake iko wapi. Akanionyesha mkononi: Berto alimpa. Nikaiangalia kama ni yenyewe. Ni yenyewe.

Nikarudi nyumbani, nikakaa na jambo la jina siku sita. Nilisema, ngoja, nitamwandikia Efraín kwanza, nimwombe ruhusa. Ni jina lake. Ni jina la baba yake. Kijiji kizima cha Utuado kina binamu wanaokuja New York, mmoja akipita Rivington kesho yake habari itakuwa imefika dukani kwa Toño, na wasichana wako wana shule. Niliyafikiria hayo yote. Usiseme sikuyafikiria.

Jumanne ya pili nikaenda na birika langu mwenyewe, maana la kwao lina kutu. Nikamkuta mwanamke kasimama mbele ya ile karatasi ya mlangoni. Mtu wa makamo, kilemba cha buluu, koti la kazi la hospitali. Alikuwa ameweka kidole juu ya ile H. Msichana wa mezani akaninong'oneza, na Osvaldo baadaye akanifafanulia, kwamba anakuja kila siku akitoka kazini. Mwanawe aliitwa Humberto. Alifia mji mwingine, na mwenye nyumba alitupa vitu vyake vyote kabla hajafika. Kwa hiyo anakuja hapa. Anasema hizi ni siku za mwanawe.

Nilimkasirikia, Efraín. Nakwambia ukweli. Nikasogea nikasimama kati yake na vikombe, mwavuli mkononi, kama anataka kuviweka kwenye mkoba. Nikamwambia, "Mama, hivi ni vya mjukuu wangu."

Akaniangalia bila ugomvi wowote. Ni Mpuerto Riko, wa Ponce, kwa jinsi anavyosema.

"Anaitwa nani mjukuu wako, mama?"

Na mimi nikaogopa. Nilifungua mdomo nikafikiria Toño na duka lake. Nikafikiria Fela. Nikasema, "Ni H."

"Haya," akasema. "Basi ni wetu sote."

Alisema kwa wema, wala hakunidhihaki. Lakini nilisimama pale nikaona nilichokifanya. Mtoto niliyemlea tangu mama yake Mirta alipofariki, niliyemfundisha kutembea kwenye korido ya nyumba hii, nimemwachia mgeni kwa kuogopa kusema jina lake mbele ya mwanamke mmoja mwenye kilemba. Mara ya sabini na mbili hiyo. Sabini na moja kwa plastiki, na moja kwa mdomo.

Nikamwambia, "Samahani. Anaitwa Heriberto Maldonado Lugo. Alikufa tarehe tatu Mei, kwa ukimwi. Alikuwa na miaka thelathini na moja, na alikuwa anatafuna vikombe."

Ndiyo mara ya kwanza neno lile kutoka kinywani mwangu. Nilitegemea kitu kianguke. Mwanamke akaniambia, "Wa kwangu alikuwa na ishirini na sita," akanishika mkono, na tukajaza vikombe pamoja. Vitatu nimempa awe anajaza yeye. Nimemchagulia mimi, vilivyo karibu na dirisha.

Kisha nikamwita Osvaldo. Nikamwambia toa karatasi ile, andika jina. Akasema, "Bibi, nilimpa baba yake neno langu." Nikamwambia neno hilo nakuvua mimi, mimi ndiye niliyemzaa baba yake. Akasema tena, "Una hakika?" Nikamwambia nikiwa na hakika sitakuwa mimi, wewe andika.

Akaandika kwa mkono, ukutani penyewe, herufi kubwa. Nikamleta Bi Provi siku ya pili anisomee, maana sikutaka kutegemea neno la mtu mmoja. Akasoma kama nilivyotaka: Heriberto Maldonado Lugo, 1961 hadi 1992. Ukimwi. Na chini yake nimeongeza mstari, huo ni wangu: Vikombe alipewa na bibi yake, Eustaquia Quiles, ambaye glasi alikuwa nazo. Osvaldo hakutaka mstari huo. Alisema, Bibi, sikufanya kazi hii kukushitaki. Nikamwambia najua, ndiyo maana najiandikisha mwenyewe.

Jumapili hii Fela alikwenda. Akarudi akapita mlangoni kwangu na sahani ya wali wa nazi, hakusema lolote la mapafu. Alikaa akala na mimi.

Kwa hiyo sasa unajua, na hukuombwa ruhusa. Jina la Maldonado limo katikati ya jina la mwanao, nami sikuona jinsi ya kuliruka. Kama unataka litoke, sitamruhusu Osvaldo alitoe, wala mimi sitalitoa, wala usimpigie mtu simu. Njoo ulitoe mwenyewe. Chumba kinafungwa tarehe kumi na tatu Desemba. Mlango unafunguliwa saa tano asubuhi, ukuta uko upande wa kushoto ukiingia, na rangi ni ile inayotoka kwa kitambaa na maji ya moto. Simama pale ulisome lote kwanza, tangu Heriberto. Ukishalisoma na bado unataka kulifuta, nitakushikia ndoo.

Wasalimie nyumbani. Mwambie Nilsa simlaumu kwa lolote, alikuwa mgeni kwangu na alinisaidia kuosha vyombo. Wabusu Yadira na Lisandra, na waambie walikuwa na kaka aliyejua kucheza domino kuliko baba yao. Msalimie Ramonita, mwambie nitamwandikia yeye barua yake nimweleze, asisikie dukani. Na Toño naye msalimie, akiuliza, mjibu.

Bikira akutunzie mgongo na akulainishie shingo. Baraka yangu unayo, usiku na mchana, ukiiomba na usipoiomba.

Ni mimi mama yako, niliyekuzaa kwa siku mbili na sijajuta hata moja,
Eustaquia
(alama ya kidole changu iko hapa, ujue hakuna aliyeninenea)